Moto Wako Nimeuzima, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Usishangae kuona nakuandikia mchana, saa ambayo ulizoea kuniona jikoni nimeinama, macho mekundu, napuliza kuni mbichi. Leo nimekaa barazani, nimenyoosha miguu kwenye mkeka wako, na maharage yanaiva bila mimi. Ningekuandikia mapema, lakini nilikuwa na jambo la kukuungamia na sikuwa na ujasiri. Sasa ninao. Naanza nalo kabla hujalisikia kwa mwingine huko uliko, maana watu wa Busunzu hawaachi midomo yao kaburini. Moto wako nimeuzima. Haukuzimika wenyewe. Niliuzima mimi, kwa maji.

Najua umekunja uso. Moto ule ulipewa na mama mkwe wako siku ulipoingia nyumba hii, kijinga kimoja ndani ya kigae cha chungu, ukaulinda miaka yote ya ndoa na miaka yote ya ujane. Jioni uliufukia kwenye majivu pamoja na gogo gumu. Alfajiri uliufukua, ukaupulizia na kuuamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kama mtu aliyelala chumba cha pili. Majirani walituma watoto kuja kuomba kaa la moto hata baada ya viberiti kujaa madukani, na wewe ulifurahi kuombwa. Ulitufundisha, mimi na kaka Ezekieli na marehemu dada Anjelina, kwamba nyumba isiyo na moto haina mwenyewe. Nimelelewa hivyo na nimeamini hivyo. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, ndipo unilaani ukitaka.

Siku ya kuanua matanga, wageni walipokwisha kula, ukoo ulikaa kikao palepale jikoni kwa sababu ya mvua. Baba mdogo Filemoni aliongoza, kwa kuwa ndiye ndugu wa baba aliyebaki. Nilidhani watazungumza habari za shamba. Wakazungumza habari za mapacha. Bukuru na Butoyi walikuwa wamejificha nyuma ya mlango, nikiviona vidole vyao vya miguu, ishirini, havitikisiki. Wasichana wa miaka tisa, ambao tangu mama yao Anjelina atutoke hawakujua mgongo mwingine ila wako. Kaka Ezekieli alisema, tena kwa upole, nikiri, kwamba nyumba ya mwanamke asiye na mume wala mshahara, iliyokuwa ikisukumwa na ruzuku ya kaya maskini kwa jina la mtu ambaye sasa ni marehemu, haiwezi kubeba watoto wawili. Yeye angemchukua Bukuru ampeleke kwake Nyakitonto. Shangazi angemchukua Butoyi ampeleke Kasanda.

Mama, walitaka kugawa mapacha. Mmoja kusini, mwingine kaskazini. Wewe ambaye kandambili za mmoja zikikatika ulinunua na za mwenzake, hata kama zake bado nzima. Nilisema hapana kabla sijaulizwa, na sauti iliyotoka sikuijua kama ni yangu. Shangazi akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ninao, nimeurithi. Baba mdogo akasema, "Mpaka maharage yavunwe. Tutakuja kuona kwa macho. Tukikuta nyumba inapumua, watabaki wote. Tukikuta vingine, Yasinta, usitulilie."

Nikapiga moyo konde. Kesho yake nikaenda ofisi ya kijiji kubadilisha jina la ruzuku, kutoka lako kuja langu. Walinipokea vizuri, wakaniambia kaya lazima ihakikiwe upya. Wakaja watu wawili na madaftari. Wakatazama bati, wakahesabu kuku, wakauliza tunakula mara ngapi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, mpaka mmoja wao, mwanamke, alipoinua macho darini na kuandika kitu. Alikuwa ameiona balbu. Balbu yako, Mama, ile uliyoiwasha hata mchana ili wapita njia waone kwamba umeme umefika kwa mjane. Kilichokuja baada ya hapo kilikuwa kimepunguzwa sana. Fungu lako liliondolewa kwa sababu umefariki, na lililobaki likapungua kwa sababu nyumba ilionekana imepanda hali. Wakaniambia nivute subira, uhakiki mwingine utakuja. Sikugombana na mtu. Niligombana na balbu. Nilisimama chini yake nikaitukana tusi moja ambalo siliandiki hapa.

Na balbu yenyewe ilikuwa haiwaki. Wakati wa matanga watoto wa Ezekieli walichemsha maji ya kuoga kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo, asubuhi na jioni, na uniti zako zote za umeme ulizoziacha zikaishia mabegani mwao. Mita ikabaki inapepesa jicho jekundu. Kununua nyingine ilikuwa lazima nichague, uniti au mkaa. Na mkaa, Mama, kila siku ya gulio una bei mpya. Gunia linapungua tumbo, bei inaongezeka kimo. Kuni ndiyo usiseme. Kule bondeni ulikokuwa ukiokota pamelimwa pote, na msitu wa mbele una walinzi. Nilikuwa natoka na panga asubuhi, narudi jua la utosi na mzigo wa siku mbili, na shamba limenisubiri bure.

Chakula kilikuwepo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Maharage yetu wenyewe ya njano, madebe matatu chini ya kitanda changu. Kilichokosekana ni cha kuyachemshia. Unayajua yalivyo na kiburi, unayaweka jikoni asubuhi na adhuhuri bado yanakutazama. Nikaanza kupika mara moja kwa siku tatu. Siku ya tatu yanachacha, nami nayapa watoto hivyohivyo, nimeongeza chumvi ili wasijue. Butoyi akatapika darasani. Mwalimu, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akampigia simu mjomba wa mtoto. Ezekieli akanipigia mimi. Hakufoka. Alisema tu kwamba anatafuta daftari za Bukuru, zile za shule ya kule.

Siku ile maji yalinifika shingoni. Nikamkamata yule kuku wako mweupe, mtetea, nikampeleka sokoni Kibondo nikanunulie mkaa. Karibu na geti aliketi mwanamke anayesuka makapu, Mama Kandida. Humjui. Alikuja kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni, akakulia kambini, sasa ni raia kama mimi na wewe, ana shamba lake na ulimi wake. Aliniuliza nauza kuku wa nini. Nikamweleza, pengine kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu tangu uondoke sikuwa na wa kumweleza. Akanisikiliza huku anasuka, kisha akasema, "Dada, unauza kuku ili upike maharage? Si upike huyo kuku tu, anaiva upesi."

Nilicheka, Mama. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilicheka mpaka kuku akaniponyoka, tukamkimbiza wote wawili kati ya mafungu ya dagaa. Tulipomkamata, Mama Kandida akanikalisha akanionyesha kapu lake kubwa, lililojazwa majani makavu ya migomba na kushonewa blanketi kuukuu kwa ndani. Akafunua. Ndani kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria maharage laini yanayotoa mvuke, na mahali pale hapakuwa na moto popote. Aliyachemsha nyumbani kwake kabla ya kuja sokoni, muda mfupi tu, akayafungia humo. Alisema kambini kuni zilikuwa za mgao, na mama yake asingejua hila hii wangekula mbichi. "Maharage yakishashika joto hayataki moto tena," alisema, "yanataka kuachwa. Sisi wanawake ndio hatujui kuacha kitu." Akanipa kapu la bure lenye mshikio uliokatika, akanifukuza nirudi na kuku wangu.

Sasa nikueleze ujinga wangu, ucheke. Siku ya kwanza nililoweka maharage usiku kucha, asubuhi nikayachemsha, nikayafungia kwenye kapu kama nilivyoelekezwa. Halafu nikafunua kuangalia. Wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba mpishi asiyeonja ni mchawi? Nikafunua tena. Nikakoroga. Nikaonja. Bukuru naye akafunua, Butoyi akasema yeye hajafunua, akafunua. Mchana yalikuwa magumu kama kokoto, na joto lote limeishia puani mwetu. Niliporudi kwa Mama Kandida kulalamika aliniuliza nimefunua mara ngapi. Nikadanganya kwamba mara moja. Akasema nikifika nyumbani nifunge kapu kwa kanga mafundo mawili, niliweke nisikokaa, niende shamba.

Nikaliweka juu ya kitanda chako. Chumba chako sikuwa nakiingia bado, kwa hiyo nilijua sitafunua. Nikalima mpaka saa nane, moyo uko nyumbani. Niliporudi nikafungua mafundo, nikachukua punje moja nikaibana kwa vidole viwili. Ikalainika. Nilikaa sakafuni pale ulipokuwa unaweka miguu yako ukiamka nikalia, na mapacha wakasimama mlangoni wakadhani yameharibika tena. Nikawaambia wachukue sahani.

Nilidhani nimeshinda. Lakini kuni ziliendelea kuisha. Nikatazama, nikatazama, mpaka nikaona. Nilichokuwa napikia sasa kilikuwa vijiti vichache tu vya asubuhi. Kilichokuwa kinakula kuni zangu ni moto wako, Mama. Lile gogo la kulinda kaa, mchana na usiku, halipiki kitu, halimpashi mtu joto, linakula tu kwa sababu uliliheshimu. Siku mbili nilizungukazunguka jikoni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya tatu, asubuhi nyeupe, nikachukua kata ya maji. Kwanza niliuamkia kwa maneno yako. Kisha nikamwaga. Ulilia ule moto, ssss, muda mrefu, na moshi mweupe ukajaa jikoni pote. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Sikuwahi kujiona mwovu namna ile, hata siku niliyokufumba macho sikujisikia peke yangu hivyo.

Kiberiti kimoja, Mama. Hicho ndicho ninachotumia asubuhi. Na mzigo uliokuwa wa siku mbili ukaanza kunifikisha wiki.

Maharage mapya yalipovunwa nilijua watakuja, ila sikujua lini, na hiyo ndiyo ilikuwa nia yao. Walikuja Jumapili. Nilikuwa nimeondoka na mapacha kwenda misa, na kwa bahati, au kwa kukuombea wewe, nilikuwa nimepika ile sufuria yako kubwa ya sherehe, maharage na ndizi ndani ya mawese, kwa sababu majirani watano waliomba niwaonyeshe kazi ya kapu baada ya ibada. Tuliporudi tulikuta baiskeli tatu na pikipiki uani. Watu kumi na mmoja. Baba mdogo hakuwa ameketi kwenye kiti. Alikuwa jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga yako, kiganja chake kimezama kwenye majivu.

Majivu yalikuwa baridi. Hakunisalimu. Alitoa mkono akautazama, akasema taratibu, "Moto wa shemeji yangu umezimika."

Mimi sikukana. Ningekana vipi? Kwao wote, kama ilivyokuwa kwako, jiko la baridi adhuhuri ya Jumapili lina maana moja tu, watoto hawali. Shangazi akaanza kujifuta machozi ya kweli kabisa. Ezekieli akaenda kwenye pikipiki akafungua mfuko wa nguo, mfuko mtupu, mpya, akaniuliza nguo za Bukuru ziko wapi. Mapacha hawakulia. Walishikana mikono, na nilivyowaona vidole vyao vimepishana vile, hofu yangu ikageuka hasira, na hasira yangu unaijua ilipotoka.

Nikasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawieni mikono kwanza. Shangazi akanitazama kama mwendawazimu. Nikasema tena, kwenye nyumba hii hakuna anayezungumza habari za watoto kabla hajala, hiyo ni sheria ya mwenye nyumba aliyelala pale mgombani, nawieni mikono. Wakanawa, kwa sababu ya jina lako, na Bukuru akiwamiminia maji. Nikaingia chumbani kwako. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba nimekwenda kulia. Nikalibeba kapu kwa mikono miwili, nikaliweka katikati ya mkeka, nikafungua mafundo mbele yao, nikafunua.

Mama, laiti ungeliona. Mvuke ulipanda mpaka kwenye miwani ya Baba mdogo, akaivua. Mawese yamekolea, ndizi zimelainika, maharage yamepasuka kama uliyoyapika wewe. Nikapakua. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka sahani ya pili. Majirani zangu watano nao wakafika, wakakaribishwa, na sufuria ikatosha. Baba mdogo akaniuliza ni nani aliyekaa nyumbani akipika wakati sisi tuko kanisani. Nikamwambia hakuna mtu. Akaniuliza yameiva wapi. Nikamwambia juu ya kitanda cha mama. Akaweka kiganja chake, kilekile chenye majivu, kwenye ubavu wa sufuria, akakitoa haraka kwa sababu ilikuwa inaunguza. Nikamweleza yote, hata kata ya maji. Nilisimama nilipokuwa naeleza hilo. Nilitaka nilisikie mwenyewe nikilisema mbele ya ukoo.

Akasafisha sahani yake kwa kidole kama mtoto. Halafu akasema, "Nilikuja kutoa watoto kwenye nyumba iliyokufa. Nimeshiba. Ezekieli, rudisha mfuko wako."

Na Ezekieli akarudisha. Usimkasirikie, Mama. Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba, akasema ana watoto saba na hakujua angemlaza wapi Bukuru, lakini alikuwa anaogopa watu waseme amewatupa watoto wa dada yake. Tulikaa pale tukazungumza kama zamani tulipokuwa tunakuibia karanga. Aliondoka na kapu lingine nililokuwa nimelishona, amelifunga kwenye pikipiki, na wiki iliyopita mkewe alinipigia kulalamika kwamba maharage yamekuwa magumu. Nikamuuliza amefunua mara ngapi. Akasema mara moja.

Ruzuku bado ni ile ndogo. Ikija naipokea kwa mikono miwili na nasema asante, na wakija tena kuhakiki nitawapa kiti wakae chini ya balbu, maana sasa inawaka. Kile nilichokuwa nachoma kwenye mkaa nanunulia uniti, na mapacha wanasoma chini yake mpaka saa mbili, kisha nazima, sikopeshi mtu mwanga wa kuringia. Kuku mweupe yupo, ana vifaranga. Mama Kandida huja Jumapili nyingine, anakaa mahali pako, nami nimemruhusu. Mkaa umepanda tena gulio lililopita. Nilipita pale kwenye magunia nikiwa na kitunguu kimoja mkononi, nikamwamkia muuzaji vizuri sana, nikaenda zangu.

Bado nakulilia. Usidhani kushiba kumenisahaulisha. Kuna asubuhi nafika jikoni nakosa kile kikohozi chako, na najiona nimekuzika mara mbili. Lakini sikuombi msamaha, Mama, na hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu. Ningeambiwa nichague tena, ningeichukua kata ileile.

Lala salama, mama yangu, mwenye kichwa kigumu uliyenizaa na kichwa kigumu. Nakuahidi jambo moja tu, maana ahadi nyingi ulikuwa huziamini. Hawa watoto watatoka nyumba hii siku wakitaka wenyewe, kwa miguu yao, na hakuna atakayewagawa tena nikiwa hai. Barua imenifikisha usiku, na sasa hivi nawasikia chumbani kwako, wanakolala siku hizi, wanagombania shuka, Butoyi anasema Bukuru amelivuta lote, Bukuru anasema ni uongo. Nimekaa hapa nawasikiliza, na siendi kuwaamua.

Mwanao,
Yasinta